Msumari wa Thelathini na Mbili

Kibao kilikuwa kimeandikwa kwa mkono, kwa wino mwekundu, na Sajenti Gakenia Mbogo alikisoma mara mbili kabla hajagusa chochote.

KIONDO CHA MWISHO CHA NZILANI. KILICHUKULIWA SIKU ALIYOKUFA. ALIYEKICHUKUA ANAJUA ALIVYOKUFA.

Juu ya kibao palikuwa na msumari mtupu. Ulikuwa wa thelathini na mbili. Mingine yote ilibeba vyondo, kuanzia kimoja cha mtoto kisichozidi kikombe hadi kingine cha kumeza debe zima la mahindi.

"Wageni hukisoma?" Gakenia aliuliza.

"Wengine hukipiga picha," Kalondu alijibu. "Mchungaji alitaka nikitoe, ati kinatisha watoto wa shule. Nikamwambia sikukiandikia watoto."

Makumbusho ya Nzilani yalikuwa na vyumba viwili tu, ghala la kahawa la zamani nje kidogo ya soko la Kikima. Kalondu, binti pekee wa huyo Nzilani, msusi wa vyondo, alikuwa amelipaka chokaa na kulifungua mwezi wa Aprili. Mamake alikuwa amekufa Novemba iliyotangulia. Alikutwa Ijumaa jioni chini ya ukingo wa tuta la shamba lake, kichwa kimegonga jiwe, mvua imemlowesha. Watu wote walisema aliteleza. Lakini kiondo alichokisuka kwa miaka mitatu, kilichokuwa kipelekwe kwenye maonyesho Nairobi, hakikuonekana tena.

Sasa kilikuwa mezani.

"Nilikikuta mlangoni jana asubuhi nikija kufungua," Kalondu alisema. "Nikakupigia hapo hapo."

"Nani mwingine amekigusa?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe nilikishika kwa leso."

Gakenia alivaa glavu, akakifungua mdomo. Ndani, kwenye kitako, palikuwa na konzi mbili za mawele.

"Unaona?" Sauti ya Kalondu ilipanda. "Aliogopa kile kibao, akakirudisha. Lakini mtu aliyelelewa Ukambani hawezi kurudisha kiondo kitupu. Hata akiwa muuaji. Mkono wake ulikataa."

Gakenia aliijua desturi hiyo. Alizaliwa Kitui mjini, na mamake, Wamaitha, hakuwahi kumrudishia jirani kiondo bila kutia hata kunde kidogo. Mwenye kiondo asipokee utupu.

"Na mawele hayatoki hapa," Kalondu aliendelea. "Mbooni ni kahawa, mahindi na parachichi. Mawele ni ya kule chini, Zombe. Na Zombe tuko na mtu mmoja tu."

"Mama yako mdogo."

"Usimwite mama yangu. Anaitwa Ndeti."

"Una nini naye?"

"Kwenye mazishi hakutoa chozi. Watu wanaimba, yeye anazunguka sebuleni akihesabu vyondo vya mama kwa kidole. Dada yako yuko kwenye sanduku, wewe unahesabu vyondo?"

Gakenia aliandika neno moja kwenye daftari: *alihesabu*. Kisha akatazama saa. Konstebo Mutie alikuwa ameondoka alfajiri na gari kumleta Ndeti kutoka Zombe aandikishe taarifa ya pili. Walikuwa wameshapita Kabati. Alikuwa na muda wa saa moja hivi.

Alitandika karatasi nyeupe, akamwaga mawele juu yake, akayatandaza kwa ncha ya kalamu. Akainama akayapuliza. Hakuna kilichopeperuka.

"Unatafuta nini?" Kalondu aliuliza.

"Natazama tu."

Akalowesha pamba kwa maji ya chupa, akaisugua kwenye mstari mwekundu wa kiondo. Pamba ikawa waridi. Akachukua pamba nyingine, akaenda ukutani, akaisugua kwenye mistari myekundu ya vyondo vitatu. Zote tatu zilibaki nyeupe.

Hapo ukutani alikawia. Alivuta uzi wa kiondo kimoja kwa kucha, akauangalia karibu sana, kisha wa kile cha pili, kisha wa kile cha tano. Akarudi kwenye cha kwanza.

"Mama yako alitumia mkono gani?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

Picha kubwa ya Nzilani ilitundikwa kando ya dirisha. Kalondu alikuwa ameipiga kwa simu Jumanne ya wiki ile, siku tatu kabla ya kifo. Nzilani alikuwa ameketi kwenye kigoda, gauni limekunjwa hadi gotini, akisokota katani juu ya muundi wa mguu wa kulia. Kiondo cha mwisho kilikuwa pembeni yake, mdomo haujafungwa, nyuzi zimesimama juu kama nywele za mtu aliyeamshwa.

Gakenia alitoa simu, akampigia Fahim Amin, mfanyabiashara wa vyondo wa Kitui. Miezi miwili ya kwanza Fahim ndiye aliyekuwa mshukiwa, kwa kuwa alikuwa ameomba mara mbili auziwe kile cha mwisho na kukataliwa. Ilionekana baadaye kwamba Ijumaa ile alikuwa Mwingi kwenye harusi ya mpwa wake Mwanamisi, katikati ya watu mia tatu.

"Afande, mimi si mlishanimaliza?" Fahim alisema.

"Swali moja tu. Vyondo vya Nzilani ulikuwa unavichukua Kikima?"

"Hapana, Kabati. Siku ya soko. Alikuja navyo hapo."

"Peke yake?"

"Yeye alitoka upande wa huko juu, Mbooni. Kulikuwa na mama mwingine, mwembamba, anatoka upande wa Zombe na mzigo. Wanakutana, wanapanga vyote pamoja, kisha Nzilani ananiletea. Yule mwingine hakuwahi kunisalimu. Kwani nimefanya kosa?"

"Hujafanya. Salimia nyumbani."

Alikata simu, akavuta kiti, akaketi mbele ya Kalondu.

"Uliniambia uliacha kusuka ukiwa msichana."

"Nikiwa darasa la nane. Sikupenda."

"Nionyeshe mguu wako wa kulia."

Kalondu hakusogea.

"Nilipokuja ulipanda ngazi mbele yangu," Gakenia alisema. "Muundi wako umechubuka kutoka goti hadi karibu na kifundo. Hakuna hata unywele. Mguu wa kushoto ni mzima. Hiyo si ajali, dada. Mguu huo umesokotewa katani miezi kadhaa."

Kalondu alivuta gauni, likafunika miguu.

"Mawele ya ghala la Zombe huwa na jivu. Wanawake huchanganya jivu wadudu wasiyale, na hata ukipepeta linabaki. Haya ni ya dukani, yamesafishwa kwa mashine. Rangi ya mama yako ni ya magome, haitoki kwa maji. Hii ni ya paketi. Ulikisuka lini?"

Kalondu alitazama kibao chake cha wino mwekundu. Hakulia. "Nilianza Aprili," alisema. "Kwa kuangalia ile picha. Nilikifumua mara nne."

"Ukatia mawele."

"Kila mwaka alituletea mawele. Ndiyo zawadi yake, mawele na maneno. Sajenti, miezi minane nimebisha kila mlango. Kila mtu ananiambia mama aliteleza. Mama alitembea kwenye tuta lile miaka arobaini, na mzigo kichwani, mvua ikinyesha!"

"Kutengeneza ushahidi ni kosa la jinai. Nikienda na hiki mahakamani, wakili wake atakuchanachana mbele ya hakimu. Yeye ataenda nyumbani, wewe utabaki ndani."

"Nibaki. Lakini kwanza aingie yeye. Nikimwacha akae Zombe anaota jua, mimi nakaa hapa nauza tikiti, nitakuwa nimemzika mama mara mbili."

Nje, mlango wa gari ulibamizwa. Gakenia aliyatia mawele kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga na kuuandika. Kile kiondo hakukiondoa mezani.

"Keti pale kwenye kona," alisema. "Sitamwambia uongo, na wewe hutamwambia. Ukifungua mdomo nitakutoa nje."

Ndeti aliingia akiwa na kiondo chake mwenyewe begani, kimesukwa nusu, vidole bado vinafanya kazi. Alikuwa mwembamba, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu. Alisimama kwanza katikati ya chumba, akatazama kuta zote nne bila haraka. Midomo yake ilitikisika kidogo.

"Kalondu," alisema. "Umekonda."

Kalondu alitazama dirisha.

"Karibu, Mama Ndeti," Gakenia alisema. "Safari ilikuwaje?"

"Huyu konstebo wako anaendesha kama amebeba mayai. Niulize unachouliza, nina mbuzi nyumbani."

"Mara ya mwisho ulimwona dada yako lini?"

"Juni, mwaka jana. Si niliandikisha?"

"Na Novemba?"

"Nilikuwa shambani napanda. Wiki nzima. Hilo pia niliandikisha. Ama karatasi zenu huliwa na mchwa?"

"Zipo. Juni, kiondo hiki cha mwisho kilikuwa kimefika wapi?"

"Nusu. Alikuwa ndiyo anainua ukuta."

"Na baada ya Juni hukukiona."

"Ningekiona wapi?"

Gakenia aliandika majibu hayo kama yalivyotamkwa, akamsomea, Ndeti akaitikia kwa kichwa. Kisha akasogeza kiti kando ili meza ionekane.

"Hiki unakijua?"

Vidole vya Ndeti vilisimama. Alikitazama kiondo kwa mbali. Akamtazama Kalondu. Akatazama msumari mtupu na kibao chake.

"Naweza kukishika?"

"Kishike."

Alikipindua kwanza chini juu, kama wafanyavyo wasusi, akaanzia kwenye kitako. Alitumia mkono wa kushoto. Dole gumba lake lilipita mstari kwa mstari kuelekea juu, na lilipofika kwenye mdomo alitoa mguno, kisha akacheka kwa pua.

"Nani alisuka takataka hii?"

Kalondu aliinuka nusu. Gakenia aliinua kidole kimoja, na Kalondu akaketi tena.

"Kina shida gani?"

"Shida? Kitako kimekaa kama chapati ya kapera. Nyuzi nene, nyembamba, nene. Mtu aniletee hiki aniambie ni cha Nzilani? Nzilani alikuwa na mambo yake, lakini hakuwa kipofu." Alisukuma mdomo wa kiondo kuelekea uso wa Gakenia. "Na huku, tazama, amekunja ndani akaficha. Huu ni mdomo wa kuuzia watalii. Chenyewe kilipinduliwa nje, uzi mweusi juu ya mweupe, mizunguko mitatu, hakuna fundo hata..."

Dole gumba lake lilitoka kwenye mdomo wa kiondo.

Kalamu ya Gakenia iliendelea mpaka ikamaliza sentensi. "Kilipinduliwa nje," alisoma. "Uzi mweusi juu ya mweupe. Mizunguko mitatu. Ni sawa nilivyoandika?"

Ndeti aliweka kiondo mezani.

"Ile picha ilipigwa Jumanne," Gakenia alisema. "Mdomo haujaanza. Ijumaa Nzilani alikufa na kiondo kikapotea. Wewe hukumwona tangu Juni. Huo mdomo uliuona lini?"

"Aliniambia kwa simu."

"Rekodi za simu ninazo. Mara ya mwisho mlizungumza ni Oktoba, dakika mbili."

"Basi aliniambia Oktoba atakavyoufanya."

"Aliota pia hakutakuwa na fundo?"

Mahali popote pengine Ndeti angenyamaza. Lakini alikuwa amezungukwa na kuta hizo nne, na chini ya kila kiondo kulikuwa na kadi nyeupe yenye jina moja.

"Ule mdomo ni wangu!" alisema. "Mimi niliubuni. Zombe, kwangu, kwa mkono huu. Nilimwonyesha yeye peke yake."

"Mama Ndeti, simama hapo kwanza. Una haki ya kunyamaza. Mimi ni sajenti, na ndimi ninayeichunguza kesi hii. Ungamo lako siruhusiwi kulichukua. Ukitaka kulitoa, utalitoa mbele ya afisa wa cheo cha juu, na mtu wako akiwa karibu. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Miaka ishirini nimenyamaza, sasa unaniambia ninyamaze tena?" Alikuwa ameshafika ukutani. Aligusa kiondo cha pili. "Hiki changu." Cha tano. "Changu. Hiki changu. Hiki nilikimaliza mwaka wa ukame, mtoto akiwa mgongoni. Changu. Yule Mwarabu wa Kitui anayevinunua alitaka jina moja, Nzilani akasema litakuwa lake kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye anayejua kuongea na watu. Nikakubali. Sikujua nitakubali mpaka nife."

"Muongo!" Kalondu alipiga kelele. "Mwizi na muongo! Umemuua, sasa unamwibia!"

"Kalondu," Gakenia alisema. "Si muongo."

Kalondu aligeuka.

"Niliona kabla hajaingia. Anayesokota kwa mkono wa kulia, uzi wake unalalia upande mmoja. Wa kushoto, unalalia upande wa pili. Humu ndani kuna mikono miwili. Mtazame mguu."

Ndeti hakuficha. Muundi wake wa kushoto uling'aa, ngozi imekuwa laini na ngumu kama mpini wa jembe.

"Alikuwa anakipeleka Nairobi," Ndeti alisema, sasa kwa sauti ndogo. "Na mdomo wangu juu yake. Nikamwambia, kwa hiki kimoja tu, waandike majina mawili. Alicheka. Akaniambia nirudi nikalishe mbuzi. Tulikuwa pale kwenye tuta. Nilimsukuma. Mara moja tu."

"Alikuwa anapumua?" Kalondu aliuliza.

Ndeti alitazama sakafu.

"Mama mdogo. Ulipochukua kiondo ukaondoka, alikuwa anapumua?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo siku ile, na Ndeti aliinua macho kama mtu aliyepigwa kofi.

"Alikuwa anaita," alisema.

"Anaita nani?"

"Mimi."

Konstebo Mutie alikuwa amesimama mlangoni kwa muda. Gakenia alimwashiria.

"Kiondo chenyewe kiko wapi?"

"Kwangu. Kwenye sanduku la nguo, chini kabisa." Ndeti alinyoosha mikono yote miwili mwenyewe. "Watu wengine wangekichoma. Ningekichoma vipi? Hujakiona wewe."

Alipotolewa nje alipita karibu na meza, na hata kwa mikono iliyofungwa pingu alikisogeza kile kiondo bandia, mdomo ukatazama ukutani.

Gakenia aliwapigia maafisa wa Zombe akawaeleza kuhusu sanduku. Kisha akatoa fomu ya vielelezo, akaiweka juu ya daftari.

"Hiki cha kwako pia nitakiandika," alisema. "Kama kilivyo. Kiondo cha kuiga, kilichosukwa na Kalondu, na jinsi kilivyofika hapa. Utajibu."

"Nitajibu."

"Sikiliza sasa. Alichosema hapa kuhusu kumsukuma, mahakama haitakipokea. Kesho atapata wakili, atakana yote. Nitabaki na kiondo kutoka kwenye sanduku lake, na wakili atasema alipewa na dadake. Hakimu ataniuliza, kwa nini mwanamke amuue dada yake kwa ajili ya kiondo? Jibu ni hizi kuta. Nikitaka kumfunga, lazima nithibitishe kwamba vyondo hivi ni vyake. Kimoja kimoja, uzi kwa uzi, na mtaalamu aape."

Kalondu alielewa polepole. Alizunguka chumba kwa macho. "Vingapi?"

"Kwa hesabu yangu ya haraka, kumi na saba."

"Kati ya thelathini na kimoja."

"Ndiyo. Kesi itasomwa hadharani. Jina lililo mlangoni pako halitabaki lilivyo." Gakenia alishika kalamu bila kuandika. "Naweza kuandika tu 'vyondo thelathini na kimoja', nisiseme vya nani. Mama yako atabaki na jina lake lote. Na yule atarudi kwa mbuzi wake."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Mutie akiwasha gari, na ya Ndeti akimwambia asikanyage breki kama mgonjwa.

Kalondu alienda kwenye kiondo cha pili. Aliing'oa kadi nyeupe chini yake, akaipindua, akaiweka mezani karibu na fomu. Akaenda kwenye cha tano. Kabla ya kung'oa nyingine aliuliza, "Hiki?" na Gakenia akavuta uzi kwa kucha, akatazama, akajibu. Walifanya hivyo ukuta hadi ukuta, bila neno lingine, mpaka kadi kumi na saba zikapangana mezani kama karata.

Kalondu alichukua kalamu ile ile ya wino mwekundu aliyoandikia kibao, akamkabidhi.

"Niandike nini?" Gakenia aliuliza.

"Jina lake." Kalondu alijifuta mikono kwenye gauni. "Na uandike kubwa, Sajenti. Hakimu asome bila miwani."